Kelvin, Waya na Miamba ya Tabora

Ukisoma Tabora, iwe shule ya serikali au ya binafsi, kuna siku mtapakizwa kwenye gari mpelekwe Kwihara. Ni nje kidogo ya mji. Mtaoneshwa tembe kubwa la udongo na kuambiwa kwamba Dokta Livingstone alikaa hapo mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo Machi 14, akashuka pwani kumtafutia wapagazi, na mzee akasubiri hadi katikati ya Agosti ndipo wakafika. Miezi mitano mtu anasubiri. Wengi wetu tunapiga picha mlangoni, tunarudi mjini, yameisha.

Makala hii si ya Livingstone, huyo ameandikwa vya kutosha. Ni ya mtu mwingine wa mji aliosomea Livingstone. Mwaka 1836 Livingstone alianza masomo ya udaktari Glasgow, Uskoti. Mwaka huo huo, kwenye chuo kikuu cha mji huo, kulikuwa na mwanafunzi wa miaka 12 aliyeitwa William Thomson. Sisi tunamjua kwa jina alilopewa uzeeni, Lord Kelvin, na wengi tunamjua kwa herufi moja tu: ile K tunayoiweka baada ya namba ya jotoridi, na ukiisahau mwalimu anakata alama.

Mimi nasoma ualimu, fizikia na hisabati. Nilipokwenda TP nilipangiwa Tabora, nikapewa mada ya joto kidato cha tatu. Wale watoto walikuwa wakali kwelikweli. Unaandika fomula ubaoni, wanaweka namba, wanatoa jibu, wanapiga mistari miwili chini yake. Ila katika wiki zote zile hakuna aliyeniuliza fomula hii inadhania nini kabla ya kufanya kazi. Sishangai, maana na sisi huku chuoni tunavuka mitihani kwa madesa ya namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu nimeamua kusimulia maisha ya Kelvin kwa kufuata mlinganyo mmoja. Alikutana nao akiwa kijana, ukampa utajiri na heshima, na uzeeni ukamwangusha. Mlinganyo wenyewe haukubadilika hata kidogo.

Mtoto wa mwalimu

Thomson alizaliwa Belfast, Ireland, Juni 26, 1824. Baba yake, James Thomson, alikuwa mwalimu wa hisabati na mwandishi wa vitabu vya shule. Mama alifariki mwaka 1830 watoto wakiwa bado wadogo, baba akawalea na kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Mwaka 1832 alipata uprofesa Glasgow, familia ikahamia huko, na miaka miwili baadaye William akaandikishwa chuo kikuu akiwa na miaka 10. Vyuo vya Uskoti vya wakati huo vilipokea watoto wenye akili na kuwapa masomo ambayo leo tungeyaita ya sekondari. Lakini hata hivyo, miaka 10 ni miaka 10.

Mwaka 1840, akikaribia kutimiza miaka 16, alichukua maktaba kitabu cha Mfaransa Joseph Fourier kuhusu joto. Alikimaliza kwa wiki mbili hivi. Swali la Fourier lilikuwa dogo: ukichoma ncha moja ya nondo, joto linafikaje ncha ya pili? Jibu lake ni kwamba joto halikimbii kama mshale. Kila kipande cha nondo kinamgawia jirani yake aliyepungukiwa, jirani naye anamgawia wa mbele yake, hivyo hivyo hadi mwisho. Joto linasambaa. Fourier akauandika mgawanyo huo wote kwa mlinganyo mmoja.

Ili uone kusambaa kulivyo tofauti na kukimbia, fikiria mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Anapiga hatua moja kulia, moja kushoto, mbele, nyuma, bila mpango wowote. Akitaka kufika umbali wa hatua 10 kutoka alipoanza, kwa wastani itamgharimu kama hatua 100. Umbali wa hatua 20 utamgharimu kama hatua 400. Kwa hiyo umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Shikilia hesabu hiyo, tutaihitaji mpaka mwisho.

Wapo wasomi wa Uingereza waliodai Fourier amekosea. Kijana Thomson akaandika makala ya kumtetea, ikachapishwa mwaka 1841 kwenye jarida la hisabati la Cambridge, bila jina lake, kwa herufi tatu tu: P.Q.R. Mwaka uliofuata, akiwa mwanafunzi Cambridge, akaandika nyingine kuonyesha kwamba hisabati ya joto linavyopita kwenye kitu inafanana na hisabati ya nguvu za umeme. Hilo ndilo wazo lililobeba maisha yake yote. Mlinganyo hauulizi wewe ni joto au ni umeme, unauliza tu kama unagawa kwa jirani.

Alimaliza Cambridge mwaka 1845 akiwa wa pili katika mtihani wa hisabati, akapitia Paris kujifunza kazi za maabara, na mwaka 1846 akateuliwa kuwa profesa Glasgow. Alikuwa na miaka 22. Na mimi nina miaka 22, nasubiri bumu. Kiti hicho alikikalia miaka 53.

Kama mwalimu alikuwa na pande mbili. Aligeuza stoo ya zamani ya mvinyo kuwa maabara ambamo wanafunzi walipima vitu kwa mikono yao, moja ya maabara za mwanzo za namna hiyo Uingereza. Ila kwenye mihadhara alikuwa anapotea. Akianza na jambo moja, wazo jipya linamjia pale pale, anaondoka nalo, na darasa linabaki linamwangalia. Nalisema hili kwa faraja ya wahadhiri wetu. Mwaka 1848 akapendekeza kipimo cha jotoridi kinachoanzia kwenye sifuri halisi, na hapo ndipo ilipotoka ile K.

Chaji chini ya bahari

Miaka ya 1850 telegrafu ilikuwa imeshaenea nchi kavu Ulaya, na nyaya za kwanza zilikuwa zimelazwa chini ya bahari kati ya nchi zilizo karibu. Kwenye nyaya ndefu za baharini kukaonekana jambo la ajabu. Ishara fupi iliyotumwa upande mmoja ilifika upande wa pili imechelewa na imevutika, kama neno linalosemwa na mtu mwenye usingizi. Ukituma ishara mbili harakaharaka, zinafika zimeshikana na hazisomeki.

Faraday alieleza sababu yake mwaka 1854. Kebo ya baharini ni waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa mti, na nje yake kuna maji ya chumvi. Shaba ndani, kihami katikati, maji nje: hiyo ni kapasita, tena yenye urefu wa mamia ya kilometa. Chaji unayoitia mwanzoni inabidi ijaze kipande cha kwanza ndipo imimine kwenye cha pili. Waya unaoning'inia hewani kwenye nguzo hausumbuliwi hivyo, kwa kuwa unahifadhi chaji kidogo sana.

Mwaka huo huo rafiki yake, George Stokes, alimwandikia Thomson kuuliza juu ya jambo hilo. Thomson akaona mara moja kwamba hiyo ni nondo ya Fourier. Chaji ndani ya kebo inagawana na jirani kama joto ndani ya chuma, na mlinganyo ni ule ule. Aliuchapisha mwaka 1855, na matokeo yake ni ile hesabu ya mtu aliyefungwa kitambaa: urefu wa kebo ukiwa mara mbili, kuchelewa kunakuwa mara nne.

Tuchukue namba za mfano tu. Tuseme kuna kebo ya namna hiyo kutoka Tabora mjini hadi Urambo, kama kilometa 90, na ishara inachelewa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa irefushe mara 10, kama unaelekea pwani. Anayedhani umeme ni mshale atasema kuchelewa kutaongezeka mara 10. Thomson anasema mara 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Irefushe ivuke bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilometa 3,000, na sasa ni sekunde nzima au zaidi kwa kila ishara. Hapo biashara ya kutuma maneno inaanza kuwa ngumu.

Wakati huo kampuni ilikuwa imeundwa kulaza kebo kati ya Ireland na Newfoundland. Thomson alikuwa kwenye bodi, lakini mkuu wa umeme alikuwa Wildman Whitehouse, daktari wa tiba aliyejifunza umeme mwenyewe. Mwaka 1856 Whitehouse alisimama mbele ya wanasayansi akasema majaribio yake yanaikana ile sheria ya mraba. Sheria ile ilikuwa mbaya kwa biashara, na wenye fedha walipenda zaidi kumsikiliza mtu anayesema mambo yatakwenda. Thomson alishauri waya mnene zaidi na kihami kinene zaidi. Kebo nyembamba ilikuwa imeshaagizwa.

Mwaka 1857 kebo ilikatika baharini. Agosti 5, 1858 hatimaye ilifika pande zote mbili, na watu wakasherehekea kwa fataki. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98. Zilichukua kama saa 16 kupita. Whitehouse, kwa kuamini kwamba umeme ni wa kusukumwa kwa nguvu, alitumia volti zipatazo 2,000 kwenye kebo ambayo tayari ilikuwa na udhaifu. Kihami kikashindwa. Kebo ilifanya kazi takribani wiki tatu, kisha ikafa.

Whitehouse alifukuzwa kazi. Thomson alikuwa amekwenda njia ya kinyume: badala ya kuongeza nguvu upande wa kutuma, aliunda kifaa chepesi cha kupokea, kioo kidogo kilichobandikwa kisumaku, kinachorusha mwanga ukutani na kusogea hata kwa mkondo mdogo sana. Akapanda meli mwenyewe safari baada ya safari, ingawa tangu aliposambaratisha mguu wake akicheza kwenye barafu alitembea akichechemea maisha yake yote. Mwaka 1866 meli ya Great Eastern ilimaliza kulaza kebo nene zaidi, na hiyo ikadumu. Malkia akampa hadhi ya Sir mwaka huo huo. Hataza za vifaa vyake zikamtajirisha, akanunua jahazi la kifahari, na mwaka 1892 akawa mwanasayansi wa kwanza wa Uingereza kuingizwa katika Baraza la Malodi. Jina la Kelvin alilichukua kutoka mto unaopita karibu na chuo chake.

Uchafu ndani ya shaba

Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wa maisha yake hulipita haraka, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1857 Thomson alipima vipande vya waya wa shaba kutoka viwanda mbalimbali. Kwa macho vilifanana. Kwa umeme vilitofautiana mno, kwa sababu ya uchafu kidogo uliochanganyika na shaba. Baada ya hapo shaba ya kebo ikawa inapimwa kiwandani kabla ya kukubaliwa.

Kwa nini uchafu kidogo ulete tofauti kubwa? Hapa njia ya misafara inaweza kutusaidia. Kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, Burton na Speke walitumia siku 134 mwaka 1857. Stanley alitumia kama miezi mitatu mwaka 1871. Umbali ni karibu ule ule. Kilichotofautiana ni vizuizi: mvua na matope, homa, wapagazi wanaotoroka usiku, hongo ya kulipa kwa kila mtemi ndani ya Ugogo. Kila kizuizi kinakupunguzia mwendo, lakini ukivumilia unafika. Elektroni ndani ya shaba chafu zinapata shida ya namna hiyo. Mwendo unapungua, lakini sheria ya mraba inabaki pale pale.

Sasa kumbuka kilichompata Stanley alipofika Tabora. Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya Ujiji ilifungwa. Stanley hakupunguza mwendo tu, alikwama. Alikaa takribani miezi mitatu, na alipoondoka Septemba ilibidi azunguke kusini. Kupungua mwendo na kukwama ni mambo mawili tofauti, na hesabu ya Kelvin haikuwa na nafasi ya hilo la pili.

Aliyelileta ni Mmarekani Philip Anderson mwaka 1958. Katika fizikia ya kwantamu elektroni ni wimbi. Likigonga vizuizi vilivyotapakaa bila mpangilio, mawimbi yanayorudi yanakutana na kufutana kila mahali isipokuwa karibu na lilipoanzia. Vurugu ikizidi, chaji haisambai kabisa, hata ukisubiri milele. Kazi hiyo ilichangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Lakini elektroni haisafiri peke yake. Elektroni zinasukumana, kama misafara ilivyoathiriana njiani. Msafara uliolipa hongo kubwa ulipandisha bei kwa unaofuata. Misafara miwili iliyoungana ilipita mahali ambapo mmoja ungerudishwa. Je, kusukumana kunaikwamua chaji, au inabaki imekwama? Mwaka 2006 Basko, Aleiner na Altshuler walionyesha kwa hesabu kwamba inaweza kubaki imekwama hata elektroni zikiathiriana. Mwaka 2015 watafiti wa Munich walipanga atomi baridi sana katika vurugu iliyotengenezwa kwa mwanga, na mpangilio ule ukabaki bila kufutika kwa muda wote waliopima. Kama kukwama huko kunadumu katika mfumo mkubwa kwa muda mrefu sana ni ubishi ambao haujaisha. Kati ya kusambaa na kukwama kuna hali nyingine ambayo chaji inasogea, ila umbali ukiwa mara mbili muda unazidi mara nne. Mtafiti wa leo akitaka kusema chaji inasambaa polepole, anailinganisha na hesabu ile ile ya mraba. Zaidi ya miaka 160, na rula ni ile ile.

Waya ulioishia Unguja

Kelvin hakufika Afrika Mashariki, lakini kazi yake ilifika. Bidhaa mojawapo ya misafara ilikuwa masango, waya wa shaba nyeupe wa kutengenezea bangili. Stanley aliandika kwamba waya uliopendwa zaidi na wafanyabiashara ulikuwa na unene unaokaribia ule wa waya wa telegrafu. Kwa hiyo Tabora waya ulikuwepo, tena mwingi. Ulivaliwa mikononi na ulilipia hongo. Haukupitisha ujumbe.

Tangu mwaka 1870 London na Bombay zilikuwa zimeunganishwa kwa kebo kupitia Aden, na ujumbe ulipita kwa saa chache. Livingstone alifariki Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao wakaibeba maiti. Habari ilifika Unyanyembe Oktoba 20, ambako Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa, wakaendelea, na wakafika Bagamoyo Februari 1874. Kama miezi tisa kwa miguu.

Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana, na habari ikachukua karibu wiki tatu kufika London. Mwaka huo huo kebo ikalazwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea hadi Durban. Tangu hapo London ilizisikia habari za Unguja siku hiyo hiyo. Ila waya uliishia Unguja. Kutoka hapo kwenda Tabora ujumbe ulirudi mikononi mwa wapagazi, na ulikwenda kwa mwendo wa miguu yao hadi wakati wa Wajerumani, waliopitisha waya kwenye nguzo na kufikisha reli Tabora mwaka 1912. Kebo haikuletwa kwa ajili ya mtu wa Tabora. Ilifuata vita na biashara za wenye fedha, nao walijua pa kuikatisha.

Mlinganyo ule ule, jibu jingine

Mwaka 1862 Thomson alichukua mlinganyo wa Fourier akaupeleka kwenye swali kubwa zaidi: Dunia ina umri gani? Ukichimba chini joto linaongezeka. Akadhania Dunia ilianza ikiwa ya moto, kisha ikapoa kama nondo, kipande kikimgawia jirani, joto likitokea juu. Kwa kuangalia joto linavyoongezeka leo ukienda chini, alihesabu muda uliopita: kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kubana namba, na mwaka 1897 akasema milioni 20 hadi 40.

Wanajiolojia walisema muda huo hautoshi kujenga miamba waliyoiona. Darwin naye alisumbuliwa sana na hesabu hiyo, kwani mageuzi ya viumbe yanahitaji muda mrefu. Lakini nani angebishana na Sir William? Ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu kebo wakati wenye vyeo wamekosea. Sasa mwenye cheo alikuwa yeye.

Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alimwonyesha pa kuangalia. Hesabu haina kosa, kosa liko kwenye dhana. Kelvin alidhania ndani ya Dunia joto linapita kwa shida ile ile kila mahali. Kama sehemu za ndani zinapitisha joto kwa urahisi zaidi, au zinatiririka polepole, basi umri unaongezeka mara nyingi sana. Kelvin hakukubali. Mwaka uliofuata ukagunduliwa mnururisho, na baadaye ikajulikana kwamba miamba yenyewe inazalisha joto. Mwaka 1904 Ernest Rutherford alihutubia London juu ya jambo hilo, na mzee alikuwa amekaa ukumbini anasikiliza. Rutherford alitumia adabu: alikumbusha kwamba Kelvin mwenyewe aliweka sharti kwamba hesabu yake inasimama ikiwa tu hakuna chanzo kingine cha joto.

Miamba ya itale inayochomoza kuzunguka Tabora ni sehemu ya tabaka la kale la bara hili ambalo umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Yale majabali tunayokalia tukisubiri daladala yana umri zaidi ya mara 60 ya Dunia nzima ya Kelvin. Nilipowaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kwa mara ya kwanza swali lilikuja kutoka dawati la nyuma: sasa kwa nini kwenye kebo alipata na kwenye Dunia akakosa, na fomula ni ile ile? Tulitumia kipindi kizima kwa swali hilo, na silabasi ikanisubiri.

Jibu tulilofikia ni hili. Kwenye kebo alijua kilichomo: alipima shaba, akapima kihami, akashuka baharini. Kwenye Dunia alidhania kilichomo, na alipoambiwa atazame upya alitetea namba. Hata kwenye kebo kulikuwa na kitu alichokiacha nje ya mlinganyo, athari ya sumaku ya mkondo wenyewe, ambayo Oliver Heaviside aliiingiza baadaye. Kwa kebo za kwanza haikudhuru. Na kwa elektroni katika vurugu nzito mlinganyo wote unakataa kufanya kazi. Fomula ni moja, ila kila unapoipeleka inauliza upya kama masharti yake yapo.

Kelvin alistaafu mwaka 1899. Kisha akafanya jambo linalonifanya nimpende pamoja na ukaidi wake wote: akajiandikisha tena Glasgow kama mwanafunzi wa utafiti, akiwa na miaka 75. Alifariki Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton, kanisa lile lile ambamo Livingstone alizikwa mwaka 1874.

Wengi wetu mwakani tutakuwa mbele ya ubao, wengine Tabora hiyo hiyo. Ombi langu kwenu walimu wenzangu ni dogo na halihitaji maabara wala bajeti. Kabla ya kuandika fomula, andikeni mstari mmoja juu yake unaoanza na maneno tunadhania kwamba. Halafu waacheni watoto waubishie.